Takwimu za mwanzo kwa wanaosomea tabia na jamii Mombasa: darasa la semesta, kozi ya likizo, au kujifunza mwenyewe?

Anayesomea saikolojia, sosholojia, ushauri nasaha au maendeleo ya jamii hufika mahali akakuta yuniti ya takwimu imemkalia njiani. Wengi walizichagua fani hizi kwa kukimbia hesabu, kumbe hesabu ilishawatangulia huko mbele. Kwa aliye Mombasa, njia za kuivuka ni tatu: kukaa darasani semesta nzima, kuisoma kwa mkupuo wakati wa likizo za shule kama wafanyavyo walimu wengi, au kujifundisha mwenyewe mtandaoni. Hapa nazipima zote kwa vigezo vilevile. Mshindi wa jumla hayupo, kwa sababu anayekwama kwa hofu ya hesabu na anayekwama kwa kukosa nafasi hawatibiwi kwa dawa moja.

Kilichomo ndani ya kozi

Popote utakapoisoma, kozi ya mwanzo ina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni kueleza data uliyonayo mkononi: wastani, mediani, modi, mkengeuko sanifu, majedwali na grafu. Ya pili ni kusema jambo kuhusu watu ambao hukuwahoji, ukitegemea wachache uliowahoji: uwezekano, sampuli, nadharia tete (dai unalolipima kwa data), jaribio la t (kulinganisha wastani wa makundi mawili), anova, kai-mraba (kulinganisha idadi za watu katika makundi), korelesheni (vitu viwili vinavyokwenda pamoja) na rigresheni nyepesi (kukadiria kimoja kwa kutumia kingine). Ile ya kwanza wengi huivuka bila jasho. Watu huzama pale nusu mbili zinapokutana, mhadhiri anapochora ule mchoro wenye umbo la kengele na kuanza kuzungumzia sampuli elfu ambazo hakuna aliyezikusanya.

Hata hiyo nusu rahisi ina mitego yake. Chukua watu saba waliosubiri feri Likoni, na tuseme dakika walizokaa ni 10, 12, 12, 15, 18, 20 na 95, huyo wa mwisho akiwa ameangukia saa ambayo chombo kimeharibika. Wastani ni dakika 26. Mediani, yaani namba ya katikati zikipangwa, ni 15. Sita kati ya hao saba walisubiri chini ya wastani! Sasa ripoti yako kwa kaunti iseme nini, 26 au 15? Kupata namba hizo ni kazi ya kikokotoo. Kujua uandike ipi, na kuweza kuitetea, ndiyo kozi yenyewe, na ndilo jambo la kuangalia unapochagua pa kuisomea.

Vigezo nilivyotumia ni hivi: muda na safari, kina cha uelewa, programu na mazoezi ya data, msaada unapokwama, gharama, na alama au cheti unachotoka nacho. Kwa maoni yangu havina uzito sawa. Kina cha uelewa na programu ndivyo vitakavyokuandama mpaka siku ya kutetea mradi wako, kwa hiyo nitakaa navyo zaidi.

Muda na safari

Semesta huenda wiki 14 hivi, na yuniti moja hupewa kama saa tatu kwa wiki. Mwendo huo ni wa taratibu, akili ina nafasi ya kucheua. Shida ya hapa kwetu ni barabara. Darasa la jioni likiisha saa mbili na nusu usiku katikati ya mji, wa Bamburi ana daraja la Nyali la kuvuka na wa Mtongwe ana feri. Kuna pia Ramadhani, na ratiba nyingi za jioni hazionekani kuifikiria: Maghrib huingia karibu saa kumi na mbili na nusu, katikati kabisa ya kipindi, na tarawehe inakuja nyuma yake. Kabla ya kujisajili, weka kalenda ya Kiislamu kando ya kalenda ya chuo. Wiki nne zikiangukia kwenye nadharia tete na majaribio, umeikosa sehemu ngumu kuliko zote.

Kozi ya likizo hubanwa ndani ya Aprili, Agosti au Desemba, asubuhi mpaka alasiri, siku baada ya siku, na kilichobaki hufuatiliwa kwa kazi za nyumbani. Ni sawa na kula biriani ya harusi tatu siku moja: chakula ni kilekile, tumbo ndilo linalolalamika. Ukiugua siku moja tu, umekosa karibu wiki nzima ya mwenzako wa semesta. Na msimu una maana yake Pwani. Desemba na Agosti hoteli hujaa na ruhusa hazipatikani, ilhali Aprili, mvua za masika zinapoanza na wageni kupungua, hata mfanyakazi wa hoteli aweza kuomba likizo akapewa. Mwalimu hana tatizo hilo, ila Desemba ana mitihani ya kusahihisha na harusi za ndugu.

Anayejifundisha mwenyewe hana ratiba, na hilo ndilo tamu lake na sumu yake. Kozi huria za mtandaoni zinajulikana kwa jambo moja: wanaojiandikisha ni wengi, wanaomaliza ni wachache. Kama hujawahi kumaliza kitu bila kusukumwa, usitarajie takwimu iwe ya kwanza.

Kina cha uelewa

Hesabu inayotakiwa ni ya sekondari za chini: kujumlisha, kugawanya, kipeo cha pili, kipeuo cha pili, na kuweka namba mahali pa herufi kwenye fomula. Mwenye D ya hisabati katika KCSE anaiweza. Ugumu uko kwenye mantiki, na mantiki haiji kwa kukariri.

Nina swali moja ninalolitumia kumpima mtu aliyetoka kozi yoyote ya takwimu. Umelinganisha hofu ya mitihani kati ya wanafunzi wanaokaa hosteli na wanaovuka feri kila siku, ukapata p, ile namba ya uwezekano inayotoka kwenye jaribio, ya 0.03. Maana yake nini? Wengi hujibu, "Kuna asilimia 3 tu kwamba tofauti imetokea kwa bahati." Jibu hilo linasikika vizuri, lakini si sahihi. Hiyo 0.03 inasema hivi: kama kwa kweli makundi hayo mawili hayatofautiani, basi tofauti kubwa kama uliyoiona, au kubwa zaidi, ingejitokeza mara 3 hivi katika kila sampuli 100. Unaanza kwa kudhani hakuna tofauti, kisha unauliza data yako ni ya ajabu kiasi gani chini ya dhana hiyo. Hiyo p haikuambii uwezekano wa dhana kuwa kweli, wala haikuambii tofauti ni kubwa kiasi gani. Mwaka 2016 Chama cha Takwimu cha Marekani kilitoa tamko rasmi kueleza haya, kwa sababu hata watafiti wazoefu walikuwa wakiyachanganya.

Darasa la semesta lina nafasi nzuri ya kukufikisha hapo, kwa sababu wazo hilo linahitaji kurudiwa wiki tatu au nne kwa mifano tofauti. Nasema nafasi, si dhamana. Darasa la watu mia mbili ambalo mhadhiri anasoma noti na wanafunzi wananakili halimfikishi mtu popote, hata liende mwaka mzima. Uliza waliotangulia: huyo mwalimu hufanya mifano ubaoni mpaka mwisho? Hurudisha kazi zikiwa zimesahihishwa?

Kozi ya likizo ina faida moja ambayo watu huisahau. Jaribio la t unalisoma Jumanne, anova Alhamisi, na kwa kuwa la kwanza bado liko kichwani unaona wazi kwamba la pili ni ndugu yake aliyepanuliwa kwa makundi zaidi ya mawili. Wa semesta huwa amekwisha kulisahau la kwanza. Hasara yake ni kwamba p na nadharia tete huingia siku moja na kutoka siku ya mtihani.

Anayesoma mwenyewe anaweza kuirudia video mara kumi bila kuaibika mbele ya mtu, na kwa mwenye hofu ya hesabu hilo si jambo dogo. Khan Academy ina masomo ya takwimu na uwezekano bila malipo, yenye mazoezi yanayojisahihisha. OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice cha Marekani, una vitabu vya takwimu vya kupakua bure. Tatizo ni lile jibu la "asilimia 3 kwa bahati": ukilielewa kimakosa ukiwa peke yako chumbani, hakuna wa kukuambia. Zoezi la kuchagua jibu litakupa tiki, nawe utasonga mbele na kosa lako.

Njia yoyote utakayoishika, omba muhtasari wa kozi uone kama una mambo mawili: ukubwa wa athari (tofauti ni kubwa kiasi gani), na mipaka ya uhakika inayozunguka makadirio (thamani halisi huenda iko kati ya wapi na wapi). Mwaka 2015 kikundi cha watafiti kilichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Kati ya zile za awali, 97 katika kila 100 zilikuwa zimedai matokeo yenye p ya chini ya 0.05, mpaka unaotumika kwa kawaida; ziliporudiwa, ni 36 hivi katika kila 100 zilizofanya hivyo tena. Tangu hapo walimu wazuri wa somo hili hawamwachi mwanafunzi aishie kwenye p. Muhtasari usiogusa hayo ni wa zamani, uwe wa chuo kikubwa au wa mtandao.

Programu na mazoezi ya data

Hapa ndipo njia tatu zinapotofautiana kwa namna ambayo wengi hawaitarajii. Mtihani wa chuo kwa kawaida hufanywa kwa kalamu, kikokotoo na jedwali la thamani lililobandikwa mwisho wa karatasi. Kwa hiyo anayetoka darasa la semesta mara nyingi anajua kupata t kwa mkono, lakini ukimwekea mbele matokeo ya kompyuta hajui aanzie safu ipi. Aliyejifundisha mtandaoni ni kinyume chake: anabonyeza, jedwali linatoka, na ukimuuliza lile t limetoka wapi anaangalia dari. Mradi wako wa mwaka wa mwisho utadai yote mawili, hasa sura ya nne, ile ya matokeo.

SPSS ndiyo programu ambayo idara nyingi za sayansi za jamii nchini huitaja. Ilianza 1968, ikanunuliwa na IBM mwaka 2009, na leseni yake si ya mfuko wa mwanafunzi. Chuoni utaipata maabara, wanafunzi watatu kwenye kompyuta moja, na anayejifunza ni yule aliyeshika kipanya. Wakati wa likizo maabara huwa na nafasi zaidi kwa kuwa wanafunzi wa kawaida wameondoka, na hiyo ni alama upande wa kozi ya mkupuo. Nakala za SPSS zinazozungushwa kwenye flashi za mjini ziache: ukiondoa suala la sheria, huja na virusi vinavyoweza kula mradi wako wiki ya mwisho.

Zipo za bure. jamovi na JASP zina menyu zinazokaribiana na za SPSS, zinaonyesha ukubwa wa athari kwa kubofya kisanduku kimoja, na zinaingia kwenye laptopu ya kawaida. PSPP imeundwa kuifuata SPSS. R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland mwanzoni mwa miaka ya 1990, ina nguvu kuliko zote hizo lakini inakutaka uandike amri, na mwezi wa kwanza utaichukia. Mwenye simu tu hajafungiwa mlango: Google Sheets inafanya AVERAGE, MEDIAN, STDEV, CORREL, T.TEST na CHISQ.TEST kwenye simu ya kawaida. Andika zile dakika saba za Likoni uone.

Kuhusu data ya kufanyia mazoezi, semesta inakupa ile ya kitabuni, mara nyingi ya panya au ya wanafunzi wa Ulaya. Mwenyewe unaweza kujitafutia ya hapa nyumbani. Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, huweka ripoti za sensa wazi. Ya 2019 iliihesabu Kaunti ya Mombasa watu 1,208,333, na ina majedwali ya kaunti ndogo, kuanzia Mvita mpaka Jomvu. Kuchora grafu ya Kisauni na Likoni kunafundisha kuliko panya ishirini.

Kufanya kazi na sampuli ndogo nako kuna asili yake. Jaribio la t lilizaliwa kiwandani: William Gosset, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya bia ya Guinness mjini Dublin, alihitaji kuamua kuhusu malighafi kwa vipimo vichache tu, akachapisha njia yake mwaka 1908 kwa jina la Student. Wewe utakayehoji wachuuzi 30 sokoni Kongowea kwa sababu nauli imekuishia, tatizo lako na lake ni moja, na ndiyo maana jaribio hilo lipo kwenye kila kozi ya fani zetu.

Msaada unapokwama

Kuna maswali yasiyo na jibu moja, na hayo yanahitaji mtu. Mfano ni hojaji ya "nakubali kabisa, nakubali, sina uhakika, sikubali, sikubali kabisa", mtindo uliotokana na kazi ya Rensis Likert mwaka 1932. Je, unaweza kuchukua wastani wa majibu hayo? Umbali kati ya "nakubali" na "nakubali kabisa" ni sawa na ule wa kati ya "sina uhakika" na "nakubali"? Mwanasaikolojia S. S. Stevens aligawa vipimo katika ngazi nne mwaka 1946, na kwa kuufuata mgawanyo huo kikamilifu, majibu haya yana mpangilio tu bila umbali unaojulikana kati yao, kwa hiyo wastani wa jibu moja moja haukubaliki. Watafiti wengi huuchukua hata hivyo, hasa wakijumlisha maswali kadhaa kuwa alama moja. Msimamizi wako ana upande wake katika mjadala huo, na ni afadhali uujue kabla hujasambaza hojaji.

Darasani, msaada upo kwa mhadhiri na zaidi kwa wenzako. Kundi la watu wanne wanaokutana kila Jumamosi maktabani, kila mmoja akieleza mada moja kwa Kiswahili chake mwenyewe, lina faida kuliko mhadhara. Mihadhara na mitihani ni kwa Kiingereza, na mtu huweza kukariri sentensi nzima bila kuielewa. Akilazimika kumweleza rafiki yake wa Tudor, pengo linaonekana papo hapo. Kozi ya likizo ina wenzako pia, tena watu wazima wenye bidii, ila mkitawanyika kurudi Voi, Lamu na Msambweni mnabaki na kundi la WhatsApp, na fomula kwenye WhatsApp ni mateso. Anayesoma peke yake ana maoni ya wageni mtandaoni na programu za akili unde. Hizo hueleza vizuri, na hukosea kwa kujiamini kulekule zinaposema kweli. Zitumie kwa jambo ambalo unaweza kulihakiki kwa mkono.

Mwalimu wa pembeni siwezi kumweka kama njia ya nne, kwa sababu ni wa kuongezea juu ya mojawapo ya hizi tatu. Akikukalisha ukafanya wewe huku akitazama, mlipe. Akisema "niletee hojaji, sura ya nne utaipata Ijumaa", huyo anakuuzia aibu ya siku ya kutetea mradi, maana jopo halikosi mtu wa kuuliza, "Na kwa nini ulitumia kai-mraba hapa?"

Gharama

Semesta: ada ya yuniti iko ndani ya karo, unaongezea nauli na kikokotoo. Likizo: karo yenyewe, na anayetoka nje ya kisiwa ahesabu chumba na chakula, ambavyo Agosti na Desemba hupanda bei. Kusoma mwenyewe: bando. Video hula bando kwa kasi, kurasa za kitabu hazili, kwa hiyo pakua kitabu na video mara moja penye waifai, kisha usome ukiwa nje ya mtandao. Stima ikipotea usiku bado una kitu kwenye simu.

Alama na cheti

Vyuo vingi nchini hutoa alama 30 kwa kazi na majaribio ya darasani na 70 kwa mtihani wa mwisho, na 40 ndiyo ya kufaulu. Semesta na likizo zote mbili huingia kwenye nakala yako ya matokeo kwa uzito uleule. Atakayeisoma baadaye hataona ilichukua wiki ngapi. Cheti cha mtandaoni ni jambo lingine. Hakifuti yuniti iliyo kwenye mpango wa shahada yako mpaka chuo kikubali kwa maandishi, na usilipie cheti kwa kutumaini hivyo. Kwa anayetafuta kazi katika shirika, cheti hicho kina thamani kiasi ukiambatanisha na kitu ulichofanya: ripoti fupi, jedwali safi, grafu inayosomeka.

Kwa hali yako

Umetoka kidato cha nne juzi na hesabu inakutetemesha. Kaa darasani semesta nzima. Wiki chache kabla haijaanza, pitia sehemu ya wastani na mtawanyiko kwenye Khan Academy, ili nusu ya kwanza ikukute unaijua na nguvu zako zibaki kwa nusu ya pili.

Wewe ni mwalimu au mfanyakazi wa kaunti, una familia, na shahada unaisoma kwa vipindi vya likizo. Endelea hivyohivyo, lakini usiingie ukiwa mtupu. Soma nusu ya kwanza nyumbani kabla ya kikao kuanza, weka jamovi kwenye laptopu, na omba mapema karatasi za mitihani iliyopita. Baada ya kikao panga jioni mbili za kurudia nadharia tete kabla haijayeyuka.

Uko hotelini au bandarini kwa zamu zinazobadilika kila wiki. Darasa la jioni litakushinda, si kwa ugumu wake bali kwa zamu. Angalia kikao cha Aprili. Kama chuo chako hakina, jifundishe taratibu katika miezi ya wageni wachache, kisha jisajili kwa yuniti ukiwa tayari unaijua, ili hata ukikosa vipindi usipotee.

Una shahada tayari, unafanya kazi katika shirika la vijana au afya, na unachotaka ni kuzielewa ripoti zinazowekwa mezani na kuuliza swali la maana. Jifundishe mwenyewe. Ruka hesabu za mkono, baki na wastani dhidi ya mediani, sampuli, mipaka ya uhakika na ile maana ya p. Tumia ripoti za ofisini kwako kama mazoezi.

Unajiandaa kwa shahada ya uzamili ya saikolojia na takwimu uliisoma zamani. Hapa nasita kidogo. Kama programu unayoiomba ina yuniti ya mbinu za utafiti mwanzoni, kujikumbusha mwenyewe kwa jamovi kunatosha. Kama inakutaka uanze tasnifu mara moja, tafuta darasa lenye watu wachache, kwa sababu pendekezo lako litaulizwa ukubwa wa sampuli na uchambuzi utakaoufanya kabla hata hujaomba leseni ya utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi.

Umeanguka mara moja na una mtihani wa marudio. Usianze kusoma upya kutoka ukurasa wa kwanza. Ukiruhusiwa, iangalie karatasi yako uone alama zilipotelea wapi. Zikiwa zimepotea kwenye kukokotoa, fanya maswali mengi ya zamani ukijipimia muda, ukiwa na kikokotoo kilekile utakachoingia nacho. Zikiwa zimepotea kwenye "fafanua matokeo yako", mazoezi ya kukokotoa hayatakuokoa: tafuta mwenzako aliyefaulu, mpe matokeo matano, mwambie akusikilize ukiyaeleza kwa sentensi kamili.

Una simu tu, laptopu hakuna. Usiahirishe. Fomula kwenye daftari, Google Sheets kwenye simu, na maabara ya chuo siku za SPSS. Siku hizo fika mapema, ukae wewe penye kipanya.